Biashara huria na dunia iliyojengwa baada ya 1945: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, ya karafuu yakiwemo

Maswali haya nimeyapokea kwa wanafunzi wangu wa kidato cha tano na cha sita, kwa wazee wao wenye mikarafuu Pemba, na kwa wafanyabiashara wa soko la Darajani, Unguja, ambao wakishamaliza kuzungumzia bei ya kontena huhamia siasa za dunia. Nimeyaweka kwa namna yanavyokuja. Mengine yana jibu la mstari mmoja, mengine hayaishi kirahisi.

Maalim, biashara huria si ndiyo kufuta ushuru?

Siyo. Mkataba wa Jumla wa Ushuru na Biashara, tunaouita GATT, ulisainiwa Geneva tarehe 30 Oktoba 1947 na nchi 23, ukaanza kutumika 1 Januari 1948. Haukumlazimisha mtu kufuta ushuru wake. Ulichofanya ni kumfunga kwa ahadi. Kila nchi iliorodhesha bidhaa na kuandika ukomo wa ushuru ambao haitauvuka. Ukimpunguzia mwanachama mmoja, punguzo hilo ni la wanachama wote. Hiyo ndiyo ibara ya kwanza, kanuni ya nchi inayopendelewa zaidi. Tena bidhaa ikishalipiwa forodhani na kuingia mjini, isibaguliwe kwa kodi wala sheria za ndani.

Chukua mfano wa hapa kwetu. Tanzania imeahidi kutovuka asilimia 120 kwa mazao ya kilimo yanayoingia nchini. Ushuru wa kawaida unaotozwa kwenye mazao mengi uko chini ya hapo kwa mbali. Maana yake ni kwamba mfanyabiashara wa nje anajua ukomo uko wapi, hata kama serikali itabadilika kesho. Watu wa biashara wanaelewa thamani ya jambo hilo kuliko wasomi: ushuru mkubwa unaoujua unaweza kuupangia, ule usioujua huwezi.

Ushuru wa wastani wa nchi kubwa mwaka 1947 ulikuwa takriban asilimia 22. Utasoma kwingi kwamba ulikuwa 40. Tarakimu hiyo imerudiwa mno kiasi cha kuonekana kweli. Baada ya duru nane za mazungumzo, ya mwisho ikiwa ya Uruguay (1986–1994), wastani kwa bidhaa za viwandani za nchi tajiri ulishuka chini ya asilimia 5.

Kwa nini watu waliotoka vitani waanze kuhangaikia ushuru?

Kwa sababu waliamini, na sehemu kubwa walikuwa na haki, kwamba miaka ya 1930 ndiyo iliyowapeleka vitani. Marekani ilipitisha sheria ya Smoot-Hawley mwaka 1930 kupandisha ushuru kwa maelfu ya bidhaa. Wengine wakajibu. Uingereza ilikutana na makoloni na madominio yake Ottawa mwaka 1932 wakakubaliana kupendeleana wao kwa wao. Ujerumani ikajenga biashara ya kubadilishana mali na nchi jirani, moja moja, kwa masharti yake. Thamani ya biashara ya dunia, iliyokuwa karibu dola bilioni 3 kwa mwezi mwanzoni mwa 1929, ilikuwa chini ya bilioni 1 mwanzoni mwa 1933.

Mtu aliyeshikilia hoja hii kuliko wote ni Cordell Hull, waziri wa mambo ya nje wa Marekani kuanzia 1933 hadi 1944. Yeye ndiye aliyesukuma sheria ya 1934 iliyompa rais wa Marekani uwezo wa kupunguza ushuru kwa makubaliano na nchi nyengine. Bila sheria ile, GATT isingekuwa na miguu.

Mnamo Agosti 1941 Roosevelt, rais wa Marekani, na Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, walitoa Tamko la Atlantiki. Kipengele cha nne kiliahidi mataifa yote kufikia biashara na malighafi za dunia kwa masharti sawa. Lakini Churchill akachomeka maneno kwamba hilo lifanyike kwa kuheshimu wajibu uliopo, yaani upendeleo wa Ottawa ubaki. Kwa hiyo vita havijafika hata nusu, na washirika wawili tayari wanavutana juu ya ushuru wa makoloni.

Zanzibar ilikuwa wapi wakati huo?

Ilikuwa chini ya Mwingereza, haina kiti. Kwenye mkutano wa fedha wa Bretton Woods, Marekani, mwaka 1944 Afrika iliwakilishwa na nchi nne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini. Waliosaini GATT mwanzo kutoka bara hili ni Afrika Kusini na Rhodesia ya Kusini (Zimbabwe ya leo), na unajua nani walikuwa wakitawala huko.

Lakini tusijidanganye kwamba biashara huria tulifundishwa na GATT. Sayyid Said alisaini mkataba na Marekani tarehe 21 Septemba 1833. Meli za Kimarekani zilipe ushuru usiozidi asilimia 5 ya shehena iliyoshushwa. Uingereza ikapata mkataba wake 1839, Ufaransa 1844. Mwaka 1837 Marekani ikaweka konseli Unguja, na vitambaa vya pamba kutoka Massachusetts vikafika mpaka Tabora na Ujiji vikiwa vimepitia hapa. Pembe na gundi ya sandarusi zikaenda upande wa pili. Na tuseme lile ambalo wengi hulipita mbio: mashamba ya karafuu yaliyolisha biashara hiyo yalilimwa na watumwa.

Ukitazama mkataba wa 1833 kwa makini utaona kasoro ambayo nitairudia. Ulimfunga Sultani asipandishe ushuru. Haukumfunga mnunuzi kwa lolote.

Kisa chengine wazee wa Pemba wanakikumbuka kwa kusimuliwa. Miaka ya 1930 bei ya karafuu ilianguka na wakulima wakazama kwenye madeni ya wafanyabiashara wa Kihindi. Serikali ya kikoloni ikatoa amri mwaka 1934, kisha 1937 ikakipa chama cha wakulima, kilichoanzishwa 1927, ukiritimba wa kununua na kusafirisha. Wafanyabiashara wakagoma. Chama cha Congress huko India kikawaunga mkono, India ikasusia karafuu ya Zanzibar, na India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wetu wakubwa. Mei 1938 serikali ikakubali suluhu na wafanyabiashara wakarudi sokoni. Hakuna ushuru uliopandishwa, hakuna meli ya kivita iliyokuja. Mnunuzi alikunja mkono tu, na serikali ya himaya kubwa ikakaa mezani.

Bretton Woods na GATT ni kitu kimoja?

Hapana. Bretton Woods, Julai 1944, nchi 44, ilizaa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na benki ambayo leo ni Benki ya Dunia. Kazi yake ilikuwa fedha: sarafu zifungwe kwa dola, dola ifungwe kwa dhahabu, dola 35 kwa wakia. Rais Nixon wa Marekani alikata uzi huo tarehe 15 Agosti 1971. GATT ilikuwa ya bidhaa, na ilizaliwa miaka mitatu baadaye kama jambo la muda.

Jambo la muda? Mbona lilidumu hadi 1995?

Hapa ndipo ningependa kila mwanafunzi asimame. GATT haikukusudiwa kusimama peke yake. Ilikuwa sehemu moja ya shirika kubwa zaidi, Shirika la Biashara la Kimataifa, ambalo mkataba wake ulisainiwa Havana, Cuba, Machi 1948 na nchi 53. Mkataba wa Havana ulizungumzia ushuru, lakini ulizungumzia pia ajira, maendeleo, uwekezaji, makampuni yanayopanga bei kwa siri, na ulikuwa na sura nzima juu ya mikataba ya mazao ghafi: namna wauzaji na wanunuzi wa zao wanavyoweza kukaa pamoja na kuzuia bei isitupwe juu na chini kama boya.

Bunge la Marekani halikuupenda. Wafanyabiashara wengine waliona unaruhusu serikali kuingilia mno. Wengine waliona hauwalindi vya kutosha. Mwishoni mwa 1950 serikali ya Rais Truman ilitangaza kwamba haitaupeleka tena bungeni, na Marekani ikijitoa nani angebaki? Ikasalia GATT, yaani sura ya ushuru bila ya sura ya mazao.

Mimi naona hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote kwa nchi kama yetu, na halimo kwenye mitihani. Mpangilio wa dunia uliobaki ulikuwa na mengi ya kusema juu ya forodha na ukakaa kimya juu ya bei. Mwenye kiwanda cha magari alipata alichohitaji, maana kikwazo chake kilikuwa ushuru. Mwenye shamba la mikarafuu kikwazo chake hakikuwa ushuru.

Kwa hivyo karafuu ilipata faida gani katika biashara huria?

Ilipata soko, na soko hilo likaja kuifisha. Tuende polepole.

Mnunuzi mkubwa wa karafuu ya Zanzibar baada ya vita alikuja kuwa Indonesia. Si kwa ajili ya pilau. Wao huchanganya karafuu iliyosagwa na tumbaku kutengeneza sigara za kretek, zile zinazotoa mlio wa kupasuka zikivutwa. Jambo la kuchekesha ni kwamba mkarafuu kwao ndiko asili yake, visiwa vya Maluku. Sisi tuliletewa mbegu mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Kimbunga cha 1872 kilipong'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikachukua uongozi na haijauachia.

Viwanda vya kretek vilivyokua, Indonesia ikawa inatumia karafuu zaidi ya inayolima. Sisi tukauza. Baada ya Mapinduzi serikali ikaweka biashara yote mikononi mwa shirika lake, ZSTC, lililoanzishwa 1968. Mkulima alilipwa kipande kidogo cha bei ya nje, na fedha za kigeni zikajenga mengi unayoyaona, yakiwemo majumba ya Michenzani. Magendo ya kwenda Kenya usiku kwa ngalawa yakaanza papo hapo, na adhabu zake zilikuwa kali kupita kiasi.

Miaka ya 1970 Indonesia ikaamua kupanda mikarafuu yake kwa wingi. Mkarafuu huchukua miaka mingi kutoa mavuno ya maana, kwa hiyo onyo lilikuwepo kwa yeyote aliyetaka kuliona. Kufikia miaka ya 1980 wakajitosheleza. Bei iliyokuwa maelfu ya dola kwa tani mwanzoni mwa miaka hiyo ilikuwa chini ya dola 1,000 katikati ya miaka ya 1990. Pemba ikawa na mikarafuu isiyochumwa, maana ujira wa wachumaji ulizidi bei ya gunia.

Sasa niambie, ni kifungu gani cha GATT kilichovunjwa? Hakuna hata kimoja. Nchi ilipanda miti yake. Hakuna mkataba wa biashara unaoweza kumlazimisha mtu kununua.

Mbona kahawa walipata mkataba wao na karafuu haikupata?

Kwa sababu kahawa ilikuwa na wenyewe wengi, na Marekani ilikuwa na hofu. Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa wa 1962, wenye mgao wa mauzo kwa kila nchi, ulipita baada ya mapinduzi ya Cuba, Washington ikiogopa kwamba bei ikianguka Amerika ya Kusini yote itageuka. Migao hiyo ilivunjika 1989, mwaka ukuta wa Berlin ulipoanguka. Sisemi zaidi.

Nchi maskini zilijaribu. Mkutano wa kwanza wa UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, Geneva 1964, chini ya Mwargentina Raúl Prebisch, ulisema waziwazi kwamba bei za mazao ghafi zinaelekea kushuka kulinganisha na za bidhaa za viwandani. Mwaka 1976 UNCTAD ikakutana Nairobi, mwendo mfupi kutoka hapa, ikapitisha mpango wa mazao 18. Kahawa imo, chai imo, pamba imo, katani imo ndani ya nyuzi ngumu. Karafuu haimo. Ni zao la visiwa vichache, na mnunuzi wake mkubwa alikuwa mwenzetu wa dunia ya tatu aliyekaa upande wetu wa meza. Mshikamano wa kusini una mipaka yake, na sisi tuliikuta mapema.

Marekani ilipata nini kwa kufungua soko lake?

Marafiki. Vita Baridi haviwezi kutolewa kwenye hadithi hii. Mpango wa Marshall wa 1948 hadi 1952 ulimimina takriban dola bilioni 13 Ulaya Magharibi, na sharti mojawapo lilikuwa nchi za Ulaya zishirikiane na kupunguziana vizuizi. Huko ndiko ilikotoka jumuiya ya makaa na chuma ya 1951, kisha Mkataba wa Roma wa 1957. Japani ililetwa GATT mwaka 1955 kwa shinikizo la Marekani, ijapokuwa nchi kadhaa za Ulaya zilikataa kuipa haki kamili kwa miaka. Usovieti ilibaki nje na kambi yake yenyewe ya kiuchumi, COMECON, kuanzia 1949.

Zanzibar ya 1964 ilipita katikati ya mambo haya kwa kasi ya kutisha: uhuru Disemba 1963, mapinduzi 12 Januari, Wajerumani wa Mashariki, Wachina na Wasovieti wamejaa mjini, Muungano 26 Aprili. Majumba yanajengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki na karafuu inaendelea kuuzwa kwa yeyote mwenye dola. Biashara haikusoma ilani ya chama.

Kweli biashara ilizuia vita vya tatu vya dunia?

Ilisaidia Ulaya Magharibi: Ufaransa na Ujerumani ziliunganishwa kiasi kwamba vita baina yao ni jambo la kuchekesha. Zaidi ya hapo sina uhakika wa hoja hiyo kama wanavyoitoa wengine. Silaha za nyuklia zilikuwepo, na vita vya miaka hiyo vilihamishiwa Korea, Vietnam, Angola, Msumbiji. Amani ilikuwa ya wenye mkataba.

Nchi tajiri zenyewe zilifuata kanuni?

Pale zilipopenda. Marekani ilijitafutia msamaha mwaka 1955 ili ilinde kilimo chake nje ya kanuni za GATT. Ulaya ilianzisha sera yake ya kilimo 1962, yenye ruzuku na ushuru unaopanda na kushuka. Nguo zikawekewa migao tangu 1962, mkataba mpana wa nyuzi wa 1974 ukaipanua, na migao ikabakia hadi mwisho wa 2004. Kilimo na nguo ndizo bidhaa mbili ambazo nchi maskini huanza nazo.

Kuna na hila nyengine ya kimyakimya: zao ghafi huingia bure au karibu na bure, lililosindikwa hutozwa zaidi. Nenda Wawi, Chake Chake, kwenye kiwanda cha makonyo, uone mafuta yanavyokamuliwa kutoka kwenye vikonyo vya karafuu, kitu ambacho kwengine kingetupwa. Harufu unaikuta barabarani kabla ya kuuona mlango. Thamani iko kwenye ile hatua ya pili, na ngazi za ushuru wa dunia kwa miaka mingi zilimwambia mkulima abaki kwenye hatua ya kwanza. Kwa haki lazima niongeze: nchi maskini kabisa kama Tanzania leo huingiza Ulaya takriban kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru, tangu 2001. Mlango huo uko wazi na sisi bado tunapeleka magunia.

Ruksa ya Mzee Mwinyi, ile ya kufungua biashara, ilitoka IMF?

Kwa Zanzibar, ilianza kabla. Ali Hassan Mwinyi alikuwa Rais wa Zanzibar kuanzia mwanzoni mwa 1984, na mwaka huohuo watu binafsi wakaruhusiwa kuagiza bidhaa. Waliowahi kupanga foleni ya mchele na sukari wanajua uzito wake. Darajani ikajaa vitambaa, redio na televisheni, na watu wa bara wakaanza kuvuka kuja kununua. Makubaliano ya Tanzania na IMF yalikuja 1986, Mwinyi akiwa tayari Rais wa Muungano. Sababu kubwa ya Zanzibar kufungua ilikuwa karafuu imeanguka na serikali haina dola za kuagizia chakula. Tulifungua mlango kwa kukosa kingine cha kufanya, na nadhani ulikuwa uamuzi sahihi.

Jambo moja: biashara ya kuingiza ilifunguliwa, karafuu ikabaki kwa ZSTC hadi leo. Hoja ya serikali ni kwamba wanunuzi binafsi wangempunja mkulima, na miaka ya 1930 inaipa hoja hiyo uzito. Hoja ya mkulima ni kwamba mnunuzi mmoja wa ndani si tofauti sana na mnunuzi mmoja wa nje. Zote mbili ni kweli.

Nimesikia karafuu iliipeleka Marekani mahakamani. Ni kweli?

Karibu na kweli, na ni kesi ninayoipenda kufundishia. Mwaka 2009 Marekani ilipitisha sheria ya tumbaku iliyopiga marufuku sigara zenye ladha, ili kuwakinga vijana. Sigara za karafuu zikapigwa marufuku. Za menthol, yaani za ladha ya mnanaa, zikaachwa. Sigara za karafuu zilizouzwa Marekani karibu zote zilitoka Indonesia; za menthol zilitengenezwa Marekani kwenyewe.

Indonesia ikashitaki mwaka 2010 mbele ya Shirika la Biashara Duniani (WTO), lililochukua nafasi ya GATT 1 Januari 1995. Jopo likatoa uamuzi Septemba 2011, na chombo cha rufaa Aprili 2012. Hawakusema Marekani haina haki ya kulinda afya. Walisema sigara mbili hizo zinafanana kiasi cha kuwa washindani, vijana wanavuta zote, na kuibagua ya nje ni kuvunja kanuni. Indonesia ikashinda.

Ikapata nini? Sheria haikubadilishwa. Mwaka 2014 nchi mbili zilielewana kwa ahadi za mambo mengine, kesi ikafungwa. Wanafunzi wangu hugawanyika hapa kila mwaka. Wengine husema ushindi wa karatasi. Mimi huwauliza: kabla ya 1947 nchi iliyotawaliwa ingemshitaki mkubwa huyo wapi?

Na miaka ya 1990, kabla ya kesi hiyo, Indonesia yenyewe ilikuwa na ukiritimba wa karafuu chini ya Tommy, mwana wa Rais Suharto. IMF ndiyo iliyodai uvunjwe, kwenye masharti ya mkopo wa Januari 1998. Kwa hiyo kuna mwaka ambao barua ya masharti baina ya Jakarta na IMF ilikuwa na mstari unaohusu bei ya gunia la karafuu la Mkoani, Pemba, na sidhani kuna aliyeiandika aliyejua Mkoani iko wapi.

Zanzibar ina kiti WTO?

Haina. Biashara ya nchi za nje ni jambo la Muungano, limo kwenye orodha ya nyongeza ya kwanza ya Katiba. Tanzania ni mwanachama tangu 1995.

Mchele wa mapembe, huu wa kuagizwa nje, ulipanda 2023. WTO ilikuwa wapi?

India ilizuia kuuza nje mchele mweupe usio basmati Julai 2023, bei ya dunia ikaruka. Kanuni hukataza marufuku ya kuuza nje, lakini inaachia mwanya wa muda kwa nchi yenye upungufu wa chakula au yenye kuuhofia. Ni kimya kilekile: sheria ni kali kwa anayezuia kununua, laini kwa anayezuia kuuza. Kisiwa kinachokula mchele wa watu kingependelea kinyume chake. India iliondoa zuio hilo Septemba 2024.

Mfumo huu umekufa?

Umedhoofika. Mazungumzo ya WTO ya Doha yaliyoanza 2001 hayakufika popote pa maana. China iliingia WTO Disemba 2001 na ukubwa wake ukabadilisha hesabu zote. Marekani ilizuia uteuzi wa waamuzi wa rufaa hadi chombo hicho kikasimama Disemba 2019. Leo ukishindwa kwenye jopo unakata rufaa kwenye chumba kitupu. Aprili 2025 Marekani ikatangaza ushuru wa angalau asilimia 10 kwa karibu nchi zote, bila kujali ukomo ilioahidi, Tanzania ikiwa kwenye hiyo 10. Aliyeandika kanuni ya nchi inayopendelewa zaidi ndiye aliyeiweka kando.

Mkurugenzi mkuu wa WTO tangu Machi 2021 ni Ngozi Okonjo-Iweala wa Nigeria, Mwafrika wa kwanza na mwanamke wa kwanza. Amepewa usukani upepo umeshageuka.

Soko huru la Afrika litatusaidia sisi wa visiwani?

Mkataba ulisainiwa Kigali Machi 2018, biashara chini yake ikaanza rasmi Januari 2021. Kwa karafuu faida ni ndogo: wanunuzi wake wako Asia. Kwa mwani, viungo vilivyofungashwa, sabuni na mafuta ya makonyo inawezekana, iwapo kutakuwa na meli. Hakuna punguzo la ushuru linalofidia meli isiyokuja.

Kontena langu nimelilipia bandari ya Malindi, Unguja, nikalipeleka Dar es Salaam nikadaiwa tena. Hiyo nayo ni GATT?

Hiyo si GATT, ndugu yangu. Hiyo ni baina ya Unguja na Dar, na imo kwenye vikao vya kero za Muungano kabla wewe hujaanza biashara. Weka stakabadhi zako zote, na uombe tathmini ya bei kwa maandishi kabla mzigo haujapanda boti.